Fimbo ya biyari katika ndege: safari yetu ya Kinshasa



Tangu turudi kutoka Kinshasa, kila siku ya mkutano mnatuuliza: "Mlifika namna gani? Watoto walicheza?" Mna haki ya kuuliza. Wengi wenu mlichanga franka, wengine mlituletea karanga na mihogo mikavu ya njiani. Tulifika vizuri, na watoto walicheza. Lakini kuna jambo moja ambalo hatukuwaambia wote, kwa sababu lilitutia haya sisi wamama wawili tuliowasindikiza. Leo tunaliandika. Mama anayeficha kosa lake anamwachia mwenzake alirudie.

Mnajua mabinti wetu watatu wanaocheza biyari. Walipoanza, maneno yalikuwa mengi. Watu walisema biyari ni mchezo wa baa na wa chupa, kwamba binti anayeshika fimbo ile amekwisha kupotea. Sisi tuliwatafutia meza mahali pasipouzwa pombe, tukawapa saa za mchana, na mama mmoja anakaa nao kila mara na kazi yake ya kufuma. Pole pole maneno yalipungua. Katika nchi nyingine wanawake wamekwisha kuvuka mto huo zamani: huko Marekani, wanawake wanaoishi kwa mchezo huu walianzisha chama chao mwaka 1976.

Mmoja wa mabinti hao ana fimbo yake mwenyewe. Ilikuwa ya baba yake, ambaye ni marehemu. Aliinunua Ndola, Zambia, wakati alipokuwa akifanya biashara ya kuvuka Kasumbalesa, na alichoma herufi za jina lake kwenye mshikio kwa msumari wa moto. Alipokufa, ndugu zake walichukua redio, baiskeli na viti. Fimbo hawakuiona, kwa sababu ilikuwa nyuma ya kabati. Basi mkijua hilo, mtaelewa kwa nini tunaandika ukurasa mzima juu ya fimbo.

Namna fimbo ilivyo

Kwa wale wasioijua: fimbo nzuri ya biyari ina urefu wa karibu sentimita 145 na uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Inafunguliwa kwa skrubu katikati, inakuwa vipande viwili vya sentimita 73 hivi. Kipande cha nyuma ni kinene, ndicho mshikio. Kipande cha mbele ni chembamba, na mwisho wake kuna ncha ndogo ya ngozi inayogusa mpira. Kipande hiki cha mbele ndicho roho ya fimbo. Kikipinda kidogo tu, mpira hauendi tena unapoutuma.

Mti una adui watatu: uzito unaoukandamiza, joto kali, na kubadilika kwa unyevu. Katika safari ya ndege wote watatu wanakungoja.

Siku ya kutoka Lubumbashi

Tulisafiri mwezi wa nane, wakati wa likizo kubwa. Lubumbashi wakati huo mnaijua: asubuhi baridi, mchana vumbi, midomo inapasuka kwa ukavu. Juma moja kabla ya safari, binti alikuja kutuona na ombi. Alitaka tumnunulie kipande cha tiyo ya PVC, ile nene ya kupitisha maji machafu, pamoja na vifuniko viwili. Alisema wachezaji wanaosafiri wanatia fimbo ndani ya tiyo ya namna hiyo, na hata valizi ikianguka juu yake hakuna kitu.

Sisi tulicheka. Tulimwambia: "Mtoto, tutapita uwanja wa ndege na tiyo ya choo begani? Watu watasema nini juu ya chama chetu?" Tulikuwa tumeshona vikwembe vya namna moja kwa safari. Tukampa fundi wa kushona kitambaa kilichobaki, akatengeneza mfuko mrefu mzuri, wenye kamba ya kuvaa begani na kifungo cha shaba. Kila mtu aliusifu. Binti alishukuru, akanyamaza. Alijua mfuko hautoshi, lakini kwetu mtoto habishani na wamama mara mbili.

Kule Luano tulifika mapema. Tulilipa Go-Pass, dola 10 kwa kila mtu kwa safari ya ndani ya nchi, tukapima mizigo, tukaenda kwenye mashine ya kuangalia mizigo ya mkononi. Binti alikuwa na fimbo yake begani, kwa sababu tuliamua kwamba mahali pa usalama ni juu ya magoti yake. Mtu wa usalama aliitoa, akaifunga skrubu, akaipima mkononi, akasema: "Hii haiingii kabini. Hii ni rungu."

Tulikasirika. Tulisema ni chombo cha mchezo, kama mpira. Lakini baadaye tulijifunza kwamba mtu yule hakutuonea. Katika nchi nyingi fimbo ya biyari inahesabiwa pamoja na vitu vinavyoweza kumpiga mtu. Kule Marekani ni hivyo hivyo: kabini hapana, tumbo la ndege ndiyo. Mwaka 2013 wakubwa wa usalama wa ndege wa Marekani walitangaza kwamba wataruhusu fimbo hizi kabini pamoja na visu vidogo. Wahudumu wa ndege walipinga kwa nguvu, na kabla ya amri kuanza mpango ukaachwa. Kwa hiyo msipoteze muda kubishana kwenye mashine. Jueni tangu nyumbani kwamba fimbo itasafiri chini, pamoja na mizigo mikubwa, na mwifungashe kwa safari ya chini.

Sisi hatukujua. Saa ilikuwa imekwenda. Tulirudi mbio kwenye mizani, wakatia karatasi ya namba kwenye mfuko wetu mzuri wa kitenge, na tukauona unakwenda juu ya mkanda, mwembamba kama mtoto aliyetumwa sokoni peke yake. Binti aliutazama mpaka ukaingia ndani ya pazia la mpira. Hakusema neno.

Juu ya mawingu, na chini

Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1500 kwa mstari wa ndege. Ni safari ya saa mbili na kidogo. Wanafunzi wetu wanachora nchi hii kila mwaka ubaoni, lakini kuiona kutoka juu ni somo lingine. Kwanza ardhi nyekundu na njia za vumbi, kisha majani makavu, kisha mito inayopinda pinda na misitu kandokando yake. Mama mwenzetu, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza, alisali mpaka tukazoea sauti za mashine, ndipo akaomba nafasi ya dirishani na hakuirudisha tena.

Ukishuka N'djili unarudisha saa yako nyuma saa moja. Halafu hewa inakukamata. Ngozi iliyokuwa kavu kwetu inalowa mara moja. Tuliwaza juu ya nyuso zetu na poda yetu; hatukuwaza juu ya mti. Lakini mti pia unakunywa hewa. Fimbo inayotoka mahali pakavu ikafunguliwa ghafla mahali penye unyevu inaweza kupinda. Wenye kujua wanaiacha ndani ya sanduku lake masaa machache baada ya kufika, izoee pole pole.

Mizigo ilitoka kwa fujo, kila mtu akivuta wake. Mfuko wetu ulitoka karibu wa mwisho, chini ya valizi kubwa mbili na katoni la samaki. Tuliuchukua, tukaona kitenge kina alama ya mafuta, tukasema: "Ah, tutafua." Hatukuufungua. Wenyeji wetu walikuwa wanangoja nje, gari lilikuwa linapiga honi, na mtu wa kubeba mizigo alikuwa anadai.

Njia ya kuingia mjini ni bulvari Lumumba. Mtu wa Lubumbashi akiiona mara ya kwanza anadhani kuna sikukuu, watu ni wengi namna hiyo: Masina na soko lake kandokando ya njia, mabasi yanayoita abiria, wauzaji wa maji wanaokimbia kati ya magari. Tulikwama muda mrefu. Mnara wa Échangeur wa Limete ulionekana mbele yetu, ukabaki mbele yetu, mpaka mabinti wakaanza kuusalimu. Na Kiswahili chetu kilikwisha kazi hapo. Kila mtu anasema Lingala. Jioni tulipewa sombe, wao wanaiita pondu, pamoja na fufu ya mihogo mitupu. Mabinti walikumbuka bukari ya mahindi ya nyumbani, lakini walimaliza sahani.

Ndipo binti akafungua mfuko.

Mshikio ulikuwa mzima, na herufi za baba yake zipo. Kipande cha mbele kilikuwa kimepasuka kwa urefu, kuanzia kwenye skrubu, ufa wa urefu wa kiganja. Alipokifunga kilitoa sauti ndogo ya mti mbichi. Alikiweka juu ya meza akakisukuma kibingirike. Kikawa kinaruka ruka badala ya kubingirika.

Hakulia mbele yetu. Sisi ndio tuliolia usiku, kila mmoja upande wake wa kitanda. Tulikuwa tumempa mtoto mfuko wa kupendeza macho ya watu, tukamnyima tiyo ya dola chache.

Ofisi, na neno la mzee mmoja

Asubuhi tulirudi uwanjani, masaa mengi njiani. Ofisi ya mizigo ilitusikiliza kwa adabu, lakini jibu lilikuwa fupi: tulitoka ukumbini bila kutangaza hasara, na mfuko wa kitambaa hauhesabiwi kuwa ufungashaji wa kitu kinachovunjika. Wamama, shikeni hili kwa mizigo yote, si kwa fimbo tu: fungua na uangalie kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo. Ukiona hasara, tangaza hapo hapo, na uombe karatasi inayoandika hasara hiyo. Kwa safari za kimataifa zinazofuata Mkataba wa Montreal wa 1999, mtu anayepokea mzigo ulioharibika ana siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Kuna siku 7, ndiyo, lakini karatasi iliyoandikwa pale pale ina nguvu kuliko machozi ya kesho.

Michezo ilifanyika siku mbili katika ukumbi mmoja wa Bandalungwa, mchana, na akina mama wa huko walikuwa wamepika kama kwa ndoa. Binti wetu alicheza kwa fimbo za ukumbi, zile nzima zisizofunguliwa. Alishindwa mchezo wa kwanza vibaya, alishinda wa pili, na wa tatu alishindwa kwa mpira mmoja mweusi uliosimama mdomoni mwa tundu. Wenzake wawili walifika mbele kidogo. Hatukuleta kombe, mlikwisha kuona.

Mzee anayetunza meza za ukumbi ule aliiangalia fimbo iliyopasuka. Tulifikiri atatuuzia kipande kingine cha mbele. Alivyo navyo vitatu alijaribu, na hata kimoja hakikuingia, kwa sababu skrubu za fimbo hazifanani. Viwanda havitumii namna moja. Alitia gundi ndani ya ufa, akazungusha uzi, akasema itafaa kwa mazoezi lakini si kwa mashindano. Kisha akakaa chini akatufundisha, na yeye pia akataja tiyo. Binti alitazama chini ili asituone. Sisi tulimwona.

Mzee yule alituambia pia habari ya mipira, na tuliporudi tuliitafuta vitabuni kwa ajili ya wanafunzi. Zamani mipira ya biyari ilichongwa kwa pembe za tembo, na jino moja lilitoa mipira michache tu. Pembe nyingi zilitoka Afrika, na za Kongo zilikwenda kuuzwa Antwerp, Ubelgiji. Leo mipira inatengenezwa kwa plastiki ngumu, na kiwanda kinachojulikana kuliko vyote, Saluc, kiko Ubelgiji pia. Kuna jambo la kuangalia hapa kwa msafiri: fimbo za zamani wakati mwingine zina mapambo ya pembe za ndovu. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kusimamisha biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Mtu akikupa fimbo yenye pambo jeupe usilolijua, usivuke nayo mpaka.

Jinsi ya kuifungasha

Tunaandika hapa yale tuliyofundishwa, na ambayo tumeyajaribu sisi wenyewe wakati wa kurudi.

Kwanza, fungua fimbo vipande viwili. Funika skrubu na tundu lake kwa vifuniko vyake. Kama havipo, zungusha kitambaa na mpira wa kufungia. Futa chaki yote kwenye ncha.

Pili, zungusha kila kipande peke yake ndani ya kitambaa laini. Kikwembe kilichochakaa kinafaa sana. Vipande visigusane, maana mshikio mzito unaweza kukiumiza kipande chembamba.

Tatu, tia ndani ya tiyo ngumu ya PVC ya urefu wa sentimita 80. Chini weka sponji, juu weka sponji, ili ukiitikisa usisikie kitu kikitembea. Ukisikia sauti, ongeza kitambaa. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu mnavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu vipya, msivitupe. Kimoja au viwili ndani ya tiyo vinasaidia. Funga kifuniko kwa skochi, usikigandishe kwa gundi, kwa sababu watu wa usalama wana haki ya kufungua. Andika jina na namba ya simu juu ya tiyo, na karatasi nyingine uitie ndani.

Nne, ni vizuri zaidi tiyo yenyewe iingie katikati ya valizi, na nguo pande zote. Mtatuambia: sentimita 80 itaingia wapi? Hapa tuliwaita watoto na kufanya hesabu ya Pitagora mezani. Valizi yetu kubwa ina sentimita 70 kwa 45 ndani. 70 mara 70 ni 4900. 45 mara 45 ni 2025. Jumla 6925, na mzizi wake ni karibu 83. Basi kitu chembamba cha 80 kinalala kutoka pembe hadi pembe, lakini tiyo nene inahitaji valizi kubwa zaidi kidogo. Mtoto aliyekuwa akiuliza kila siku Pitagora anasaidia nini, siku hiyo alinyamaza.

Tano, ukiipeleka tiyo peke yake, kumbuka kipimo ambacho makampuni mengi yanatumia: urefu, upana na kimo vikijumlishwa visipite sentimita 158. Tiyo yetu ina 80, na upana 11 pande mbili, jumla 102, inapita. Fimbo nzima isiyofunguliwa, ndani ya sanduku lake, inaweza kuvuka 158, na utalipishwa. Uliza kampuni kabla ya kununua tikiti, kwa sababu kila moja ina sheria yake.

Sita, piga picha ya fimbo na ya ufungashaji kabla ya kuikabidhi. Karatasi ya "kinavunjika" ombeni, lakini msiitegemee; valizi ya juu haijui kusoma.

Saba, ukifika, angalia ukumbini, kisha iache itulie. Usiisahau ndani ya gari kwenye jua, na usiiegemeze ukutani siku nzima. Ilaze mahali palipo sawa.

Hakuna kitu hapo kinachomzidi mama. Yeyote aliyesafirisha mayai kutoka kijijini anaelewa kazi hii.

Kurudi

Tiyo tuliinunua Kinshasa, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ilikatwa na muuzaji kwa msumeno mbele yetu. Sisi wamama wawili ndio tuliibeba begani ndani ya uwanja wa N'djili, tukiwa tumevaa vikwembe vyetu vya chama. Kijana mmoja kwenye foleni alituuliza kama sisi ni mafundi wa mabomba. Tulimjibu kwamba ndiyo, na kwamba kazi ni nyingi. Binti alicheka, mara ya kwanza tangu jioni ile ya pondu.

Fimbo ilifika Luano salama, ufa wake na uzi wake. Tulikwenda moja kwa moja kwa mama yake kumwambia sisi wenyewe, kabla mtoto hajasema. Tuliogopa sana. Yeye alichukua mshikio, akapitisha kidole juu ya herufi, akasema mume wake aliinunua ili ipige mpira, haikununuliwa ikae nyuma ya kabati. Halafu akatuuliza swali moja tu: "Mtoto aliwaambia juu ya hiyo tiyo?" Tukasema ndiyo, alituambia. Akasema: "Basi siku nyingine mumsikilize." Kisha akaenda kuteka maji ya chai.

Katika likelemba ya mwezi ujao tumekubaliana, sisi wawili, kwamba zamu yetu itakwenda kwa kipande kipya cha mbele. Msafiri mmoja wa Ndola amekwisha kuchukua kipimo cha skrubu, na mfano wake umechorwa kwenye karatasi. Tiyo iko ofisini mwa chama, nyuma ya mlango, na atakayesafiri na kitu chembamba cha kuvunjika, iwe fimbo, filimbi au picha ya ndoa, aje kuiazima. Airudishe na sponji zake zote mbili.